Shingoni mwa Karanga

Mbwa wa gereji hajawahi kunyamaza. Anabwekea pikipiki, anabwekea ndoo, upepo ukipeperusha mfuko wa plastiki anaubwekea mpaka utue. Watu wa mtaa walishamzoea, kama unavyomzoea jirani mwenye kikohozi. Sasa asubuhi ile Kiberiti akapita mbele ya gereji na mbwa wake mpya. Yule mbwa akainua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga bila kutoa sauti. Kiberiti akasimama.

Ng'ambo ya barabara mbwa wa bucha naye akainuka, kimya. Wa tatu akatoka chini ya gari bovu. Walikuja kutoka pande tatu, matumbo yakikaribia kugusa chini. Hakuna aliyetikisa mkia, hakuna aliyenguruma. Walitembea kama watu wanaoingia nyumba yenye msiba, na macho yao yote yalikuwa shingoni mwa Karanga.

Karanga ndiye huyo mbwa mpya. Jike, rangi yake kama karanga zilizokaangwa zikapitiliza kidogo, masikio moja juu moja chini. Alikuwa na siku mbili tu kwa Kiberiti. Akaanza kutetemeka miguu ya nyuma.

Mbwa wa gereji akafika wa kwanza. Hakunusa nyuma, mahali mbwa wote duniani wanaposalimiana. Alinyoosha shingo akaweka pua chini ya taya la Karanga, akavuta pumzi ndefu, halafu akatoa mlio mwembamba kama kitoto cha mbwa. Dume zima hilo, kichwa kama tofali, linalia kitoto. Kiberiti vinyweleo vikamsimama. Akavuta kamba kwa nguvu zake zote, na palepale Karanga akaruka, meno nje, akamchana mwenzake sikio.

Fundi gari akatoka mbio na spana mkononi. Akasema dada, mbwa wako ana wazimu.

"Mwenye wazimu ni wako," Kiberiti akamjibu. "Wangu alikuwa anapita. Wako ndiye anayenusa watu shingo kama fundi nguo anayechukua vipimo."

"Sikio linavuja damu, unaleta utani?"

"Mfunge. Au mfundishe kusalimia."

Wakarushiana maneno hadi wauza matunda wakaacha kupanga matunda. Lakini hata akitukana hivyo, Kiberiti aliona kitu kilichomnyima raha. Mbwa aliyechanwa sikio hakukimbia. Alirudi nyuma hatua tatu, akakaa, damu inamtiririka shavuni, akaendelea kutazama.

Mchana habari ilikuwa imeshamfikia mama mwenye nyumba. Kiberiti alipanga kwake vyumba viwili: cha mbele karakana, cha nyuma kitanda. Ua walikuwa wanachangia, na pale uani, karibu na bomba, alilala Malkia, mbwa kikongwe wa mama mwenye nyumba, jicho moja limeshaingia ukungu. Mama yule hapendi kelele. Akikasirika sauti inashuka badala ya kupanda, na hapo ndipo wapangaji wanapoanza kutafuta pa kujificha.

"Nilikubali mbwa mmoja," alisema. "Na nilikubali mbwa mwenye adabu. Nakupa wiki mbili, mwanangu. Jumapili ya pili, saa kumi, utampitisha hapa mbele ya Malkia, kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi. Akimgusa Malkia, anarudi alikotoka."

Alikotoka Karanga ni kituo cha mbwa waliookotwa. Alishachukuliwa na watu watatu na wote watatu walimrudisha, kila mmoja akisema hawezi kukaa na mbwa wenzake. Daktari wa kituo alimwambia Kiberiti wazi kabla hajatia sahihi: vizimba vimejaa, na mbwa akirudishwa mara ya nne hapewi kizimba tena. Anapewa sindano.

Jina la Kiberiti alipewa shuleni, na shule yenyewe aliiacha mapema, siku mwalimu alipomrushia kipande cha chaki naye akamrudishia, tena kwa kulenga vizuri zaidi. Mjomba wake, fundi makochi, ndiye aliyemchukua. Akamfundisha kukaza mikanda ya kiti, kukata sponji, kuvuta kitambaa kisipige mkunjo, na kwa miaka saba akamvumilia alivyotupa nyundo kila msumari ulipopinda. Mgongo wa mjomba ulipokataa kazi, alimwachia cherehani nzito, mikasi miwili, na sheria moja: ngozi nzuri ya zamani haitupwi. Miezi minane iliyopita Kiberiti akahamisha vifaa kwenye mtaa huu.

Karanga alikutana naye kazini. Aliitwa kituoni kushona upya mabenchi ya mapokezi, siku tatu, na siku zote tatu kulikuwa na mbwa nyuma ya wavu amelala akitazama ukuta. Wahudumu walimwita kwa mluzi, kwa nyama, kwa sauti tamu, asigeuke. Siku ya tatu msumari ukapinda. Kiberiti akautukana ule msumari, na baba wa msumari, na kiwanda kilichouzaa. Yule mbwa akageuza kichwa akamtazama, kama mtu aliyekaa ugenini miezi na sasa amesikia lugha ya kwao.

Ikawa imekwisha. Alirudi naye nyumbani.

Kitu cha kwanza alichomfanyia ni mkanda wa shingoni. Karanga alikuwa na kovu kuzunguka shingo, mahali alipofungwa waya na watu ambao Kiberiti aliwaombea mabaya kila siku. Mkanda wa dukani ungemkwaruza. Kwa hiyo akachakura kwenye rundo lake la mabaki akatoa kipande cha ngozi ya kahawia, nzito, laini kama kiganja, kilichotoka kwenye mkono wa kiti cha zamani cha kuegemea. Akakishona nyuzi mbili mbili, na ndani akajaza pamba ileile ya kiti kile ili kovu lisiumie. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na mvaaji wake hajui hata kusema asante.

Katikati ya wiki ya kwanza alikuja Mzee Saa. Huyo ni fundi saa, anaishi peke yake mwisho wa mtaa, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Miezi minne nyuma Kiberiti alimshonea kiti upya. Sasa alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Binti, kile kiti ulichonishonea kimebonyea."

Kiberiti alikuwa ameamka vibaya siku hiyo. Akamwambia sponji ile ni daraja la kwanza, haibonyei miaka mitano, labda kama mzee anakikalia na ndovu.

"Sikikalii mimi."

"Basi wageni wako."

"Sina wageni. Hakuna anayekikalia."

Angekuwa mteja mwingine angetolewa nje kwa maneno. Lakini mzee hakuonyesha kugomba. Alikuwa anatazama nyuma ya cherehani, Karanga alipolala juu ya gunia lililojazwa vipande vya sponji, na mkono wake ukainuka kidogo kama anataka kumpungia mtu anayemfahamu. Akaushusha. Karanga, ambaye mgeni akikohoa tu ananguruma, alinyamaza. Alijivuta akasogea ukingoni mwa gunia, kama unavyompisha mtu kwenye benchi.

Kiberiti akasema atakuja kukiangalia akipata nafasi. Mzee akashukuru, akaondoka bila kuvaa kofia.

Daktari wa kituo alikuwa akija Jumatano akishafunga kazi, na Jumamosi asubuhi. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira hadi magotini, mfukoni ini lililochemshwa na kukatwa vipande vidogo. Somo lake la kwanza halikuwa la Karanga.

"Shika kamba, dada," alisema. "Sasa fikiria yule fundi gari."

Kiberiti akafikiria. Kamba ikakaza yenyewe, na mwisho wa kamba Karanga akasimamisha manyoya ya mgongo ingawa barabarani hapakuwa na mbwa hata mmoja.

"Umeona? Hasira zako zinashuka na kamba kama umeme. Yeye hajui unamkasirikia nani. Anajua kuna vita tu."

Basi akaanza kujifunza kulegeza mkono, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba kochi la watu wanne ngazini. Walisimama mbali, hatua thelathini kutoka kwa mbwa yeyote. Karanga akimtazama mbwa kisha akarudisha macho kwa Kiberiti, anapata ini. Akikaza mwili, hawamvuti wala hawamfokei, wanageuka taratibu wanaongeza umbali. Walitembea sambamba na mbwa wengine, huyu upande huu wa barabara, yule upande ule, wote wakielekea kulekule. Na kila mara waliondoka kabla mambo hayajachemka. Mafundi wa gereji walipiga miluzi wakamwita mama mchungaji, naye akameza. Siku ya nne alimeza matusi mengi mpaka akahisi ameshiba.

Ikafanya kazi. Hatua thelathini zikawa ishirini, ishirini zikawa kumi na mbili. Karanga alianza kutembea mkia ukiwa katikati, si juu wala si chini, na mdomo wazi kidogo. Daktari alisema huo ndio uso wa mbwa anayefikiria badala ya kuogopa.

Lililokuwa haliendi ni wale mbwa wengine.

Siku moja saa tisa mchana, jua linawaka hadi mabati yanalia, Kiberiti aliinua macho kutoka kwenye cherehani akaona mbwa wanne wamekaa nje ya karakana. Mstari mmoja. Mbwa wa gereji na bandeji yake sikioni, mbwa wa bucha, na wawili asiojua ni wa nani. Walikuwa wamekaa wima, kimya, na nzi walipowatua machoni hawakuwafukuza. Akatoka akapiga makofi. Hawakutikisika. Akatupa kipande cha ini katikati yao, kikabaki pale vumbini mpaka sisimizi wakakipata.

Mwenye bucha akaja kumchukua wake. Aliita, akavuta, mwishowe akambeba begani kama gunia la mkaa.

"Nimemwona akikaa hivi mara moja tu," alisema, safari hii bila ucheshi wake wa kila siku. "Mwaka jana. Siku nzima, mbele ya geti la Mzee Saa."

Kiberiti hakumsikiliza vizuri. Alikuwa anahesabu siku. Zilibaki tano, na usiku ule hakumaliza chakula, na alimwona Karanga naye anakula nusu ya bakuli na kuacha nusu, akienda kulala bila kugeuka nyuma.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya siku yenyewe, walijaribu kwa karibu. Fundi gari alikubali kumleta wake, amefungwa mnyororo. Kwa kweli alikubali kwa sababu daktari ndiye aliyeomba. Hatua kumi, sawa. Hatua sita, sawa, Karanga anamtazama Kiberiti, anapata ini. Hatua tatu, na mbwa wa gereji akalala kifudifudi akaanza kutambaa. Akafika. Pua moja kwa moja chini ya taya, palepale kwenye kovu, na ule mlio mwembamba ukaanza tena. Karanga alivumilia kwa kuhesabu moja, mbili. Kisha meno yakagongana hewani, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye pua ya mwenzake.

Kiberiti akakaa chini kwenye vumbi. Hakutukana mtu. Fundi gari ndiye aliyeshtuka, akamuuliza dada, uko sawa?

Daktari alikuwa ameinama, mikono magotini, anatazama.

"Huyu wako leo hajakosea," alisema polepole. "Mtu akija kukushika pale ulipowahi kunyongwa, utamsukuma. Wanaokosea ni wao. Mbwa wote wa mtaa wanakwenda sehemu moja. Amevaa nini shingoni?"

"Mkanda niliomshonea mimi. Una ubaya gani?"

"Uwe umeushona wewe au nani, uvue."

Ukiyasikia maneno hayo nawe ni Kiberiti, ni kama mtu ameitemea mate kazi yako. Lakini aliuvua. Daktari akaunusa, akakunja uso, akamwambia ampeleke Karanga mbali. Halafu akauweka mkanda chini mbele ya mbwa wa gereji.

Yule dume akaulalia. Akaweka taya juu yake, akafumba macho, akakunja miguu ya mbele ndani kama kitoto kinachonyonya.

Daktari alilazimika kuuchomoa chini yake taratibu. Kiberiti akatoa wembe wa kazini akafumua nyuzi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ndani ya pamba kulikuwa na manyoya. Mafupi, meupe, mengi, yamejisokota na pamba miaka na miaka mpaka yamekuwa kitu kimoja. Karanga hana unyoya mweupe hata mmoja.

Fundi gari akavua kofia yake ya mafuta.

"Dakika," alisema.

"Dakika ngapi?" Kiberiti akauliza.

"Siyo hiyo. Dakika, mbwa wa Mzee Saa. Alikuwa mweupe kama unga. Amekufa mwaka jana, wewe hujahamia." Akamtazama mbwa wake. "Huyu ni wa tumbo lake. Wa bucha pia. Malkia wa mama mwenye nyumba alitoka uzao wa kwanza kabisa. Nusu ya mbwa wa mtaa huu, mzee aliwagawa mwenyewe."

Gereji yote ilikuwa imesimama. Siku kumi na mbili mbwa wa watu walikuwa wananusa mama yao kwenye shingo ya mgeni, na mgeni anawauma.

Kiberiti alikwenda kwa Mzee Saa mchana uleule, mkanda uliofumuliwa mfukoni, Karanga kwa kamba ya katani iliyozungushwa kifuani. Mzee alimfungulia kama alikuwa anamtarajia. Chumba kidogo, safi, saa zimetundikwa kila ukuta. Kiti kilikuwa pale dirishani, kimegeukia mlango.

Kiberiti alipiga magoti mbele ya kiti kama fundi. Hapo alijua ataelewa tu, kwa sababu viti anavisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Mtu akikalia sponji muda mrefu anaacha mashimo mawili, yameelekea nyuma. Hili lilikuwa moja. Duara, kama karai, limesogea mbele upande wa kushoto, ukingo mmoja umezama zaidi, mahali ambapo mgongo ungeegemea. Kwenye kitambaa kipya, kitambaa alichokichagua yeye, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya kucha. Akakandamiza pembeni ya shimo, sponji ikarudi juu kama inavyotakiwa. Akaweka kiganja ndani ya shimo, haikurudi.

"Alilala hapo miaka kumi na minne," Mzee Saa alisema nyuma yake. "Nilikuwa dukani roho ilipomtoka. Nilikuletea ukivue ngozi, binti, kwa sababu nilikuwa siwezi kukitazama. Nikadhani ngozi ikiondoka na yeye ataondoka."

"Ile ngozi sikuitupa, mzee."

"Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri sana. Nilimshonea huyu. Nisamehe, sikujua."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Kiberiti akatoa mkanda, ngozi na pamba yake na manyoya yake yote, akaulaza ndani ya shimo. Ukakaa kama umepimiwa.

Karanga alikuwa mlangoni muda wote, amekataa kuingia. Sasa masikio yake yote mawili yakasimama, hata lile linalolala. Alikitazama kiti. Mkia ukatikisika mara mbili, chini chini. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasogea kando ya mlango, akatoa njia.

Saa zote ukutani zilikuwa zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Kiberiti hakuuliza njia hiyo ni ya nani.

Jumapili saa kumi ua ulijaa. Wapangaji wote walikumbuka kuwa wana nguo za kuanua. Mama mwenye nyumba aliketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Malkia alikuwa mahali pake karibu na bomba, amelala, na Kiberiti alikuwa amepiga hesabu zote kwa kuamini atabaki amelala.

Walitoka mlangoni. Kamba ya katani, kifuani, imelegea. Hatua kumi na tano hadi bombani. Walipofika ya sita, Malkia akainuka.

Akaja taratibu, jicho la ukungu mbele. Kila mshipa mkononi mwa Kiberiti ulitaka kuvuta. Alifikiria sindano. Halafu akakumbuka kwamba Karanga anasoma mkono na siyo moyo, akafungua vidole kimoja kimoja mpaka kamba ikaning'inia kama uzi wa kuanikia nguo. Akasema, kwa sauti ambayo hata mjomba hajawahi kuisikia, "Taratibu, mama. Taratibu."

Malkia akanusa nyuma. Salamu ya kawaida, salamu ya mbwa. Karanga alitetemeka, akageuza shingo akamtazama Kiberiti, akapata ini. Akageuka naye akamnusa Malkia kidogo, kwa adabu. Wapangaji wakaachia pumzi.

Lakini Malkia hakuwa amemaliza. Alizungukia upande wa kushoto wa Karanga, pale pasipokuwa na kitu, akasimama. Kikongwe yule, ambaye hata kuketi kunampa tabu, akajilaza kifudifudi, akainua pua juu kwenye hewa tupu, kama kitoto kinachotafuta taya la mama yake. Na akatoa ule mlio mwembamba.

Shati kwenye kamba ya nguo likaacha kuchezacheza. Karanga alisubiri, mkia katikati, mdomo wazi kidogo, kama anayengoja mwenzake amalize kusalimiana na ndugu. Malkia alipoinuka akarudi bombani, Karanga akaendelea na safari yake. Hadi bombani. Na kurudi. Alitembea ameacha nafasi upande wa kushoto, na alipopita penye mlango mwembamba alijibana upande mmoja.

Mama mwenye nyumba aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa amepauka.

"Akae," alisema. Akafikiria kidogo. "Lakini tulikubaliana mbwa mmoja."

"Ni mmoja, mama," Kiberiti akasema.

Jumatatu Mzee Saa alipita karakana, kofia kichwani safari hii, akamshukuru kwa kiti. Akasema kimejaa tena, kimenyooka kama siku ile ya kwanza, hajui amekitengeneza saa ngapi. Kiberiti alimwambia karibu, mzee. Hakumwambia kwamba hajakigusa, na kwamba sponji iliyokufa haifufuki, fundi yeyote anajua hilo.

Mzee alipoondoka alikaa muda mrefu akitazama nyuma ya cherehani. Karanga amelala ukingoni mwa gunia, usingizi mzito, karibu aanguke. Nusu nyingine ya gunia ilikuwa tupu. Ilikuwa imebonyea, duara, kama karai.

Siku nyingine angepiga kelele. Angerusha nyundo, angehama mtaa. Alinyoosha mkono akachukua futi yake, akapima urefu, akapima upana, akazidisha mara mbili. Akachagua kitambaa kigumu, akakata sponji ya daraja la kwanza, akaanza kushona.

Mchana mama mwenye nyumba alisimama dirishani akaona godoro limetandikwa sakafuni. Akalipima kwa macho, akampima na Karanga.

"Mbwa mwenyewe kiasi hiki," alisema kwa ile sauti ya chini. "Godoro lote hilo la nini?"

Kiberiti hakuinua kichwa kwenye sindano.

"Anapenda kujinyoosha, mama."